Kujenga na Kutunza: Neno juu ya Makisio ya Serikali



Kila mwaka katika mwezi wa Juni Waziri wa Fedha husimama Bungeni Dodoma akasoma makisio ya mapato na matumizi ya Serikali, na kesho yake habari huwa zimekwisha fika huku kwetu Chunya. Sokoni na barazani watu huulizana jambo moja tu: Mwaka huu ni trilioni ngapi? Wakiisha kusikia ya kuwa hesabu ni kubwa kupita ya mwaka uliopita, wengine hufurahi na wengine huguna, kila mtu kwa kadiri ya mfuko wake. Walakini sisi makarani, ambao kazi yetu ni leja na hati za malipo, twajua ya kuwa jumla iliyoandikwa chini ya karatasi haisemi habari nyingi. Mwenye kutaka kujua kama mtoto atafundishwa na kama mgonjwa atapata dawa hana budi kupanda juu ya karatasi ile, asome fungu kwa fungu na kasma kwa kasma, kisha aulize swali la pili: katika hizi zilizoandikwa, ni ngapi zilizotoka?

Fedha za huduma za watu ni za namna mbili. Ziko za kujenga, nazo huleta darasa, zahanati, kisima na barabara. Ziko za kutunza, nazo ni mshahara wa mwalimu na wa mganga, dawa, vitabu, chaki, mafuta ya mtambo wa maji, na bati jipya badala ya lile lililong'olewa na upepo. Katika vitabu vyetu hizi za pili huandikwa mishahara na matumizi mengineyo. Fedha za kujenga hutolewa mara moja, na siku ya kufungua jengo kuna ngoma na hotuba. Fedha za kutunza hutakiwa kila mwezi maisha yote ya jengo lile, wala hatujasikia mtu aliyepigiwa ngoma kwa sababu amelipia dawa kwa wakati wake.

Neno letu la mwezi huu ni hili. Ukitazama matumizi ya Serikali katika nchi hii kwa muda wa miaka karibu mia, utaona ya kuwa kila mara mali ilipoongezeka tulijenga, na kila mara mali ilipopungua tulikata kutunza. Na hasara yake ilimwangukia yule yule asiye na njia nyingine, yaani mwanakijiji aliye mbali na mji. Twaomba wasomaji watuvumilie tuyapitie mambo haya kwa taratibu, maana asiyejua alikotoka hawezi kuyasoma makisio ya leo.

Tuanze na kodi, kwa kuwa ndiyo mama wa matumizi. Kodi ya nyumba ililetwa na Wadachi mwaka 1898, na Waingereza walipoishika Tanganyika baada ya Vita Kuu ya 1914-1918 waliiendeleza pamoja na kodi ya kichwa. Mwaka 1926, katika utawala wa Gavana Sir Donald Cameron, ilitoka sheria ya watawala wa wenyeji. Sehemu ya kodi ikawa yarudishwa katika hazina za wenyeji, nazo zikalipa watawala, makarani na kazi ndogo ndogo za wilaya. Mwaka uliofuata, 1927, ikatoka Sheria ya Elimu, na Serikali ikaanza kuzisaidia kwa fedha shule za misheni zilizotimiza masharti. Katika nyanda zetu hizi za juu, ambako misheni zilikuwa zimetangulia, msaada ule ulikuwa na maana kubwa. Mwaka 1928 shule ya Serikali ya Malangali ikafunguliwa upande wa Iringa. Watu waliona mwanzo mwema.

Haukupita muda mrefu dunia ikaingia katika shida ya fedha iliyoanza mwaka 1929. Bei ya katani, kahawa na pamba ikaanguka, na mapato ya nchi yakaanguka pamoja nayo. Mwaka 1932 Serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Sydney Armitage-Smith kuja kuzikagua fedha za Tanganyika, na shauri lake lilikuwa kubana matumizi. Basi tazameni ni nini kilichobanwa. Riba za mikopo, ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa ya reli, hazikuweza kukatwa, maana deni halina huruma. Kilichoweza kukatwa ni fungu la elimu na mishahara ya watumishi, kwa sababu mtoto asiyefundishwa haandiki barua ya madai wala hamshitaki mtu. Kanuni hiyo ya mwaka 1932, ingawa haikuandikwa mahali popote, imedumu kuliko Serikali iliyoitunga.

Baada ya Vita ya pili mlango wa kujenga ulifunguliwa tena. Kwa sheria ya mwaka 1945 Uingereza iliweka pauni milioni 120 kwa ajili ya maendeleo na ustawi wa makoloni yake yote, na Tanganyika ikafanya mpango wake wa miaka kumi ulioanza mwaka 1947. Lakini majengo yale yalitaka watu, na juu ya watu mkono wa Serikali ulikuwa mzito. Mwaka 1948 Tume ya Holmes, iliyoitazama mishahara ya watumishi wa Afrika ya Mashariki, iliishikilia kanuni ya kuwa Mwafrika alipwe sehemu tatu katika sehemu tano za mshahara wa Mzungu, hata kama kazi yao ni moja. Wazee wetu waliokuwa katika vyama vya watumishi, tangu kile alichokianzisha marehemu Martin Kayamba huko Tanga mwaka 1922, walilijua jambo hili kwa uchungu. Ubaguzi ule wa rangi uliondolewa katika mishahara katika miaka ya 1950. Lakini fikira iliyokuwa chini yake, kwamba jengo ni mali na mtumishi ni gharama tu, haikuondoka naye.

Uhuru ulipofika mwaka 1961 watoto waliokuwa katika shule za msingi hawakutimia nusu milioni, na Mwalimu Nyerere alizoea kukumbusha ya kuwa nchi nzima ilikuwa na waganga 12 tu wenye shahada waliokuwa wenyeji. Hapo ndipo ilipoanza kazi kubwa kuliko zote. Mwaka 1971 ukatangazwa mpango wa kuwafikishia maji wanavijiji wote katika muda wa miaka 20. Mwezi wa Novemba 1974, kwa Azimio la Musoma, ikakatwa shauri ya kuwa watoto wote waingie shule kabla ya mwisho wa mwaka 1977. Ilipofika mwaka 1980 watoto wa shule za msingi walikuwa zaidi ya milioni 3. Ni nani atakayeikejeli kazi hiyo? Wengi wetu tulio na kalamu mkononi leo tusingejua kuishika kama wazazi wetu wasingeingizwa katika madarasa yale.

Walakini heshima haituzuii kusoma hesabu. Walimu walitakiwa kwa haraka, hata vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu papo hapo vijijini huku wakifundisha. Mitambo ya maji iliwekwa kwa fedha za wafadhili wa nje, lakini mafuta na vipuri vilikuwa juu ya nchi yenyewe. Tena mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa, na yule mtu wa karibu aliyekuwa akijua ni daraja gani lililolegea na ni zahanati gani iliyovuja akaondoka pamoja na kitabu chake. Kisha zikaja taabu mfululizo: bei ya mafuta ikapanda, Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ikavunjika mwaka 1977, na vita ya Kagera ikapiganwa mwaka 1978 na 1979. Hazina ikakauka. Hapo mitambo mingi ya maji ikasimama kwa kukosa mafuta na kipuri kidogo, na akina mama wakarudi mtoni wakipita kando ya bomba kavu. Shule zilikuwapo, vitabu havikuwapo. Mtumishi wa Serikali mshahara wake haukumfikisha nusu ya mwezi. Akalima bustani, akafuga kuku, na mkewe akauza vitumbua, na saa za kazi zikawa za kugawana na shamba.

Mwaka 1986 nchi ikafanya mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa, na kwa mara nyingine likarudi neno la kubana. Halmashauri zilikuwa zimerudishwa mwaka 1984, lakini zilirudi na mfuko mtupu. Ada za shule za sekondari zilikuwa zimekwisha rudi, na mwaka 1993 ikaanza desturi ya mgonjwa kuchangia gharama hospitalini. Katika miaka hiyo ya 1990 makumi ya maelfu ya watumishi walipunguzwa kazini, na ajira mpya zikafungwa. Idadi ya watoto waliokuwa shuleni, ikilinganishwa na watoto wote wa umri wao, ikashuka chini ya ile iliyopatikana mwaka 1980. Ndiyo kusema nchi ilikuwa na madarasa yaliyojengwa kwa jasho la watu, na watoto wa kuyajaza walikuwapo, lakini hapakuwa na fedha ya kuwakutanisha.

Mwaka 2001 Tanzania ilisamehewa sehemu kubwa ya madeni yake ya nje, ada ya shule za msingi ikafutwa, na mwaka 2003 kodi ya maendeleo, ambayo wazee waliiita kodi ya kichwa, ikafutwa nayo. Watoto wa shule za msingi waliokuwa milioni 4 na zaidi mwaka 2000 wakapita milioni 8 mwaka 2007. Ili kuziba pengo la ada, Serikali iliahidi kupeleka ruzuku ya dola 10 kwa kila mtoto kwa mwaka, nayo ikaandikwa shilingi 10,000, kwa kuwa dola moja wakati ule haikutimia shilingi 1,000.

Hapa twawaomba makarani wenzetu watoe penseli. Mwaka 2016, elimu bila ada ilipofikishwa mpaka kidato cha nne, ruzuku ya mtoto wa shule ya msingi ilikuwa bado shilingi 10,000, na dola moja ilikuwa imepita shilingi 2,100. Kwa hiyo dola 10 zilizoahidiwa zilikuwa zimekuwa dola 5 kasoro, wala hakuna mtu aliyekata hata senti katika kitabu. Tena mwaka wa shule una siku 194 za masomo. Gawanya shilingi 10,000 kwa siku hizo, na utapata shilingi 51 na senti kadhaa kwa mtoto kwa siku. Na hizo ni za chaki, karatasi, mitihani, matengenezo na vitabu pamoja. Huu ndio ukataji usio na kelele. Fungu limebaki pale pale, tarakimu ni zile zile, na mkaguzi haoni kosa. Lakini kitu kilichonunuliwa kimepungua nusu. Yatupasa kuujua, maana mwenye kuangalia tarakimu tu hatauona kamwe.

Habari ya sekondari ni ya namna hiyo hiyo. Tangu mwaka 2006 shule za kata zilijengwa kwa wingi, na wananchi walichanga mawe, mchanga na fedha. Walimu, maabara na vitabu havikwenda kwa mwendo ule. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012 watahiniwa kama 6 katika kila 10 walipata sifuri, kabla matokeo hayajapangwa upya. Wengine waliwalaumu watoto, wengine waliwalaumu walimu; wachache waliuliza ni fungu gani lililokuwa tupu. Mwaka 2021 Serikali ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa sababu ya maradhi ya UVIKO-19, na katika kazi zilizofanywa kwa mkopo ule ni madarasa 15,000 yaliyojengwa kwa miezi michache. Mwaka huo huo tozo ya miamala ya simu ilianza kukatwa, nayo pia ikasemwa kuwa ni ya vituo vya afya na madarasa. Twashukuru kwa kila tofali. Lakini mkopo hujenga darasa, haumlipi mwalimu miaka thelathini. Na taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimetaja mara nyingi majengo yaliyokwisha ambayo hayatumiki kwa kukosa watumishi au vifaa.

Mtu atasema, "Lakini makisio yanakua." Ni kweli. Mwaka wa fedha 2015/16 yalikuwa shilingi trilioni 22.5, na ya mwaka 2025/26 yalisomwa trilioni 56.49, yaani yamezidi mara mbili na nusu. Lakini watu nao wameongezeka. Hesabu ya mwaka 2012 ilikuta watu milioni 44.9, na ile ya mwaka 2022 ikakuta milioni 61.7. Tena bei za vitu hazikukaa zikitungoja. Na kabla zahanati haijapata sehemu yake, deni la Serikali limekwisha kaa mezani, na deni ndilo mgeni alaye kwanza. Kwa hiyo trilioni hazitoshi kuwa jibu mpaka tujue ni kiasi gani kimefika mwisho wa njia.

Kuna jambo jingine la hivi karibuni ambalo huku kwetu si hadithi ya mbali. Mikoa ya Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo yenye sehemu kubwa kabisa ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI katika nchi hii, na kwa miaka zaidi ya ishirini kazi nyingi ya dawa, vipimo na kuwafuata wagonjwa majumbani ililipwa kwa fedha za Marekani. Mwezi wa Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake, na watumishi waliokuwa wakilipwa na miradi ile wakaambiwa wakae nyumbani. Majengo hayakuondoka. Makabati hayakuondoka. Aliyeondoka ni yule aliyekuwa akijua ni mgonjwa gani hakuja siku yake, akachukua pikipiki akamfuata. Huduma aliyotulipia mtu mwingine ilionekana katika vituo vyetu, lakini mshahara wake haukuonekana katika vitabu vyetu. Na kwa kuwa hatukuuandika, hatukujiandaa kuulipa.

Sasa tuje nyumbani. Chunya haihitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa jambo hili. Dhahabu ya Lupa ilianza kuchimbwa katika miaka ya 1920, na katika miaka ya 1930, wakati nchi nyingine ilikuwa ikilia kwa bei ya katani, maelfu ya watu walimiminika huku. Maduka yakajengwa, barabara ikapasuliwa mlimani toka Mbeya, na jina la Chunya likajulikana hata Ulaya. Dhahabu ya juu juu ilipopungua, na mgodi wa Saza ulipofungwa katika miaka ya 1950, wenye mali waliondoka na mji ukabaki na kuta. Wazee wetu waliiona kwa macho tofauti iliyopo kati ya mji na majengo ya mji.

Leo dhahabu imerudi. Mwaka 2017 mrabaha wa dhahabu ulipandishwa toka asilimia 4 hata 6, na mwaka 2019 soko la madini likafunguliwa hapa Chunya, hata mchimbaji mdogo akawa na mahali pa kuuzia mchana kweupe. Halmashauri nayo hupata ushuru wa huduma, kwa kadiri ya mauzo. Hii ni neema, na hatuna budi kuitumia kwa akili. Lakini desturi iliyopo yaelekea upande mmoja: Halmashauri huagizwa kutenga sehemu iliyotajwa ya mapato yake ya ndani kwa miradi ya maendeleo, na kila diwani hupenda kuwaonyesha watu wake jengo. Hakuna adui wa jengo katika chama chetu. Twauliza tu: zahanati ikijengwa Kambikatoto, mahali ambapo safari ya kufika hospitali ya rufaa Mbeya ni ndefu na mgonjwa hana muda, ni nani atakayekaa ndani yake? Nyumba ya mganga iko wapi? Jokofu la chanjo litapata umeme wapi? Dhahabu ikishuka bei mwaka wa tatu, ni kasma gani itakayolipa?

Twajua jibu ambalo wengine watatupa. Watasema makarani wanatetea tumbo lao, kwa maana mishahara ndiyo ilayo makisio. Kwa heshima twajibu hivi. Mshahara wa mwalimu si gharama iliyo pembeni ya elimu. Ndio elimu yenyewe. Darasa lisilo na mwalimu ni ghala, na mwalimu asiye na darasa amepata kufundisha chini ya mwembe na watoto wakajua kusoma. Watumishi walikaa miaka kadhaa tangu 2016 bila nyongeza ya jumla, mpaka kima cha chini kilipopandishwa kwa asilimia 23.3 mwaka 2022, na tena kwa asilimia 35.1 mwaka 2025, kikawa shilingi 500,000 kwa mwezi. Twashukuru, na hatuoni haya kusema ilistahili.

Lakini kinywa kinachodai hakina budi kuwa safi. Mwaka 2016 watumishi hewa zaidi ya 10,000 waliondolewa katika orodha za mishahara, na mwaka 2017 ikatangazwa orodha ya watumishi 9,932 waliokuwa na vyeti vya kughushi. Watumishi hewa hawakujiandika wenyewe. Kila jina liliandikwa kwa kalamu, na kalamu ile ilishikwa na mtu wa kazi kama yetu. Kila mshahara uliokwenda kwa asiyekuwapo ni dawa iliyokosekana mahali, na ni hoja waliyopewa wale wapendao kusema kuwa mtumishi ni mzigo. Haifai chama kudai haki kwa mkono mmoja na kuficha jambo hili kwa mkono mwingine.

Nini basi kifanyike? Nchi yenyewe imekwisha jifunza mara moja, na somo lake twalikanyaga kila siku. Kwa sheria ya mwaka 1998 uliundwa Mfuko wa Barabara unaojazwa kwa tozo ya mafuta ya magari, na sehemu kubwa ya mfuko ule imewekewa matengenezo. Watu walikuwa wamechoka kuona barabara iliyojengwa kwa mamilioni ikifa kwa kukosa kifusi cha elfu kadhaa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa barabara tuliwasikia. Kwa shule na zahanati bado.

Kwa hiyo twaleta mashauri matatu, nayo ni madogo yanayowezekana katika ofisi zetu hizi hizi.

La kwanza: kila mradi wa jengo unapopelekwa katika Halmashauri uwe na karatasi mbili. Ya kwanza ni ile tuliyoizoea, ya saruji, bati na fundi. Ya pili iandike gharama ya kila mwaka: watumishi wangapi, dawa au vitabu vya kiasi gani, maji, umeme, matengenezo, na kasma itakayolipa. Mradi usio na karatasi ya pili ungoje. Kuandaa karatasi hiyo ni kazi ya karani na mhasibu. Hatuhitaji sheria mpya ili kuanza.

La pili: katika taarifa za kila robo mwaka tusiandike makisio peke yake. Tuweke safu tatu: kilichopitishwa, kilichopokelewa, na kilichotumika. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 yataka mkutano wa kijiji usomewe mapato na matumizi. Na tangu fedha zianze kupelekwa moja kwa moja katika akaunti za shule na za zahanati, mwalimu mkuu na mganga mfawidhi wamekuwa watunza hesabu bila kusomea kazi hiyo. Karani aliye karibu nao asiwacheke. Akae nao jioni moja awaonyeshe namna ya kulinganisha leja na taarifa ya benki.

La tatu: mwaka wa neema tuweke akiba ya kutunza. Dhahabu inapopanda, ushuru wake usiende wote katika kuta mpya. Sehemu yake izibe nyufa za zamani, ilipe mlinzi na mhudumu, inunue dawa kabla hazijakwisha. Mwaka wa dhiki utakuja, kama ulivyokuja 1932, kama ulivyokuja 1979, na kama ulivyokuja ghafula kwa wagonjwa wetu mwaka 2025. Haukuwahi kupiga hodi.

Mali bila daftari hupotea bila habari, nasi ndio wenye daftari. Hatupangi kodi, hatupitishi makisio, wala hatusemi Bungeni. Lakini hakuna shilingi ya huduma inayopita bila kugusa kalamu zetu. Waziri husoma jumla, nasi twaona bakaa. Tukiiandika kwa kweli, na tukaisoma kwa sauti mahali panapostahili, huenda wajukuu zetu wakahesabu miaka mia mingine na kuona kanuni mpya: mali ilipoongezeka walijenga kwa kiasi, na ilipopungua hawakuzima taa ya zahanati.

Wanachama wenye mawazo juu ya karatasi ya pili, au wenye mfano wake kutoka ofisi zao, twawaomba wayalete kwa Mwandishi wa tawi kabla ya mkutano ujao, yameandikwa upande mmoja wa karatasi na kwa hati inayosomeka.

Wasalaam,
Mhariri, Chunya